Uji wa Latifa Wangu

Jumamosi, 7 Machi 2026

Nimerudi Gare kutoka Lushoto na hasira. Nilimpelekea Mama Fahadi, mama mkwe wa binti yangu, jogoo, hai, miguu imefungwa, ili wachinje wenyewe — mimi Mkatoliki lakini adabu naijua. Kamfunga uani, hata asante. Hilo dogo. Magharibi Latifa wangu kapakua futari: magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga. Mama mkwe wake kafuturu kwa uji wa jirani, Mwanahamisi! Eti Uislamu wa huyu ni wa ndoa tu, mikono bado ni ya yule Anitha wa Gare, jina lake la ubatizo. Mikono hiyo! Mtoto aliyeshika namba moja tangu la tatu mpaka la saba. Na Fahadi, mume mzima, anaangalia mkeka.

Jumapili, 8 Machi

Kutoka misa tu nikampigia Latifa simu. Rudi nyumbani, chumba chako kipo. Aliposilimu mwaka juzi nililia, sikatai — lakini si ili aje adharauliwe. Akanijibu polepole: "Mama, sikusilimu kwa ajili ya mama mkwe. Nikisujudu, hakuna anayeniuliza nimetoka wapi."

Nikaishia kumkumbusha ale daku. Mimi!

Jumatano, 11 Machi

Mwalimu Kuluthumu wa darasa la akina mama kamsomesha Latifa Yasini mbele ya wote. Hakukosea hata herufi — Mwanahamisi mwenyewe kanipigia kunisimulia. Mama Fahadi alikaa nyuma, kawapa mgongo. Sawa. Masikio hayakugeuka.

Jumamosi, 14 Machi. Lushoto

Mwanahamisi kaenda msibani Mazinde. Uji wa jirani leo hakuna. Nimekuja makusudi, nione.

Adhana ikalia. Mama Fahadi akala tende, akanywa maji. Latifa akamwekea bakuli la uji wake, akarudi kukaa. Mimi nami sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi — mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza pamoja. Mama Fahadi akaniangalia midomo. Akamuuliza Latifa kama nami nimefunga. Ndiyo, mama.

"Basi mpe mama yako uji. Yeye ni mgeni."

Kisha Mama Fahadi akachukua bakuli lake, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango.

Latifa akanipakulia uji. Kavaa ushungi, kaenda tarawehe, uso umetulia kama hakuna lililotokea. Jogoo bado yuko uani, kanenepa. Mimi ndiye niliyebaki na daftari, naangalia ule mlango.

Bakuli halijarudi.