Vespa Iliyokwama Kizuka

Shemeji Hamisi, huko ng'ambo uliko,

Sina anwani yako. Ninachojua ni kwamba uko upande wa mji wa Baraka, au ulikuwa huko mwaka jana. Kwa hiyo barua hii naiandika wazi, bila bahasha, nakala tano kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mfanyabiashara anayevuka ziwa nampa moja. Na wewe mwingine uliyeishika, ambaye si Hamisi fundi cherehani wa Rumonge, soma tu, hakuna siri tena. Ukimaliza mpe anayekwenda mbele.

Naandika kwa sababu ya maneno yaliyonifikia. Muuza vitenge mmoja alitoka huko kwenu, akakaa sokoni karibu na meza yangu ya mawese, akasimulia habari zako bila kujua mimi ni nani. Alisema u mzima, unashona, na ukiulizwa kuhusu mke unajibu, "Alikataa kunifuata. Alichagua kubaki kwa kaka yake." Kaka mwenyewe ni mimi. Shemeji, Zaina hakukataa. Kwa nini hakufika kwa wakati, nilikuwa naijua sababu peke yangu miaka sita yote, mpaka juma lililopita. Nitaifikia. Lakini unanijua, siwezi kufika mahali bila kuzunguka kwanza, na habari yenyewe inaanza na vespa, ile pikipiki yetu.

Unakumbuka tulivyoinunua, mwaka ule wa Uhuru? Mzungu wa shamba alikuwa anafunga masanduku kurudi kwao, na sisi wawili, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika usukani wa kitu chochote, tukaenda kuitazama kama watu wanaokwenda kuposa. Ilikuwa rangi ya maziwa. Nyuma ilikuwa na mashavu yake mawili ya bati, moja la kufunika injini na jingine la kuweka vikorokoro, na wanawake wa sokoni hawakuita mashavu, waliita jina jingine ambalo siwezi kuliandika katika barua inayosomwa na kila mtu. Uliizunguka mara tatu ukiipapasa. Mimi niliuliza swali moja tu, kama ina honi. Hapo ndipo ilipojulikana nani atakuwa fundi na nani atakuwa abiria.

Siku ya sherehe tuliingia nayo mjini. Wewe mbele na bendera ndogo kwenye usukani, mimi nyuma na koti la kuazima. Ilizimika mbele ya umati, ukashuka, ukaipiga teke mara kumi na moja. Watu walihesabu kwa sauti. Ilipowaka walishangilia kuliko walivyoshangilia hotuba, na mimi nikapunga mkono kana kwamba nimefanya kazi.

Ulipomwoa dada yangu mwaka uliofuata, hata ndugu zangu walisema umefuata nusu yako ya vespa, kwa kuwa ilikuwa inalala kwetu. Zaina mwenyewe, ambaye pikipiki anaiita moto kama watu wengi wa huku, alikuuliza mbele yangu, "Sema ukweli, ulikuja kwetu kwa ajili yangu au kwa ajili ya ile moto?" Ukamjibu, "Nilikuja kwa ajili ya moto, nikakukuta umeiegemea." Alikupiga na ufagio. Nadhani ndiyo siku aliyokukubali kabisa.

Na jinsi tulivyoipamba! Wewe uliishonea kiti vazi la kitambaa kizito chenye mistari, likiwa na mfuko wa msasa na bisibisi. Mimi niliongeza vioo. Viwili havikunitosha, nikafikisha sita, mpaka ukaniuliza kama nataka kuendesha au kunyoa ndevu. Tulifunga nyuzi za rangi kwenye mikono ya usukani, tukaweka vizuia tope vilivyoandikwa AMAHORO, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili tunayekutana naye na tunayempita wote wapate salamu. Kazi haikuwa nayo. Ulikataa isibebe ndagala hata kikapu kimoja. "Harufu ya samaki haitoki kwenye bati," ulisema. Kila Jumapili alasiri ilitoka nyumbani, ikaenda ufukweni, ikarudi. Watu walituuliza tunakwenda wapi, nasi hatukuwa na jibu, na ndiyo raha yenyewe.

Wewe ulikuwa na taratibu zako. Ijumaa baada ya swala ulifungua buji, ile plagi ya kuwashia injini, ukaisugua na msasa, ukaipuliza, ukaitazama juani kama daktari anayetazama koo la mutoto. Petroli ulichanganya na mafuta ya injini kwa kikombe cha chai, na kikombe hicho hakuna aliyethubutu kukinywea. Ulinieleza mara nyingi kwamba injini ya namna hii inakunywa mafuta yake ndani ya petroli, ikiyakosa inajitafuna. Mimi niliitikia. Moyoni nilikuwa na falsafa yangu, ya mtu aliyezaliwa katika mawese na kulelewa na mawese. Mawese tulipaka bawaba za mlango, visigino, minyororo ya baiskeli, kifua cha mwenye kikohozi. Siku moja nilipaka hata cherehani yako, kwa wema, na ukakaa siku mbili unaikwangua kwa sindano. Hukupiga kelele. Uliniambia tu, "Shemeji, mawese ni ya kupikia sombe. Mashine haili sombe."

Ningekusikia siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Sasa nifike. Mwaka wa sabini na mbili, kabla mambo hayajaharibika, ulikwenda Magara kuwashonea wavuvi, ukapanda lori la samaki kwa sababu mafuta ya injini yalikuwa yamekwisha na dukani hayakuwapo. Uliniachia ufunguo ukasema, "Usiiwashe mpaka nirudi na mafuta." Nikasema sawa. Siku tatu nikavumilia. Siku ya nne kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na mimi, mtu mzima mwenye tumbo, sikuweza kufikiria kuingia harusini kwa miguu wakati vespa yenye vioo sita imesimama uani. Nikachukua kikombe chako cha chai. Nikapima vizuri kabisa, kama ulivyonifundisha. Ila nilichopima kilikuwa mawese.

Iliwaka, shemeji! Nakuapia iliwaka, ikaenda harusini na kurudi. Moshi ulinuka kama mtu anakaanga maandazi, na watoto walinikimbilia na sahani. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikijiona nimegundua kitu ambacho wazungu wa kiwandani walikikosa. Nilikuwa nakungoja urudi nikutambie. Mchanganyiko uliobaki nikauacha umo humo kwenye tangi, siku baada ya siku, ukigandamana.

Halafu zikaja zile habari ambazo wewe na mimi hatuhitaji kuelezana. Watu wakaanza kuitwa na askari wa serikali, majina yakisomwa kwenye orodha, na hawakurudi. Ujumbe wako ulifika jioni, dereva wa lori la samaki akauleta pamoja na chupa ya mafuta halisi ya injini, uliyoipata sijui wapi. "Jina langu limetajwa. Siwezi kurudi Rumonge. Kuna boti ya kwenda ng'ambo kesho adhuhuri. Mlete Zaina Magara kwa vespa." Dereva akaongeza la kwake, kwamba anarudi huko alfajiri na kuna nafasi ya mtu mmoja juu ya makapu.

Zaina aliniuliza mbele ya dereva, "Kaka, nipande lori, au ile moto iko muzima?"

Hapa ndipo penyewe. Nilijua kilichomo kwenye tangi. Kumwaga sikutaka, kwa sababu petroli nyingine haikuwapo mjini. Kusema nilichofanya sikuweza, kwa kuwa dereva alikuwa amesimama pale anacheka cheka na angekufikishia. Nikamjibu, "Iko muzima kabisa. Lori gani hilo litakalotushinda? Tutamkuta njiani amepasukiwa tairi." Dereva akashukuru, haya, murakoze, akaondoka. Nikamimina mafuta yako mazuri juu ya uchafu wangu, nikatikisa, nikajiambia itatosha.

Asubuhi iliwaka kwa teke la tano. Zaina alikaa nyuma na kifurushi chake mapajani na mikono imenishika kiuno, na barabara ilikuwa bado wazi. Tulipofika kijiji cha Kizuka ikaanza kukohoa. Ikavuta kidogo, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ilikufa katikati ya michikichi, kulia michikichi, kushoto michikichi, kana kwamba imerudi kwao. Nilifungua buji, ilikuwa nyeusi na inanata kama kitako cha sufuria. Niliisugua na msasa, kisha na shati. Nilifungua kaburata, inapopitia petroli, kijitundu chake kimezibwa na utando mwekundu. Nilikuwa nimekuona ukikisafisha mara mia, na sikuwahi kutazama hata mara moja.

Wanawake wawili waliopita na mikungu ya ngazi, matunda ya michikichi, kichwani walisimama. Mmoja akanusa. "Eh, baba, hiyo moto iko inapika nini?" Zaina akanitazama. Nikasema, "Chuma kimechoka." Ndiyo maelezo aliyoishi nayo miaka sita.

Jua lilipopanda alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kutembea. Na mimi, shemeji, unataka kujua nilifanya nini? Nilisukuma vespa. Kilomita zote zile, mlima na bonde, jasho linanitoka hadi kwenye vidole, naye anageuka kila mara kuningojea, kwa sababu hakuweza kuniacha peke yangu katika siku kama ile.

"Iache!" akasema.

"Siwezi kuiacha, nusu yake ni ya shemeji."

"Na mimi ni wa nani?"

Mikono yangu haikuachia usukani. Akageuka, akaendelea kutembea, viatu mkononi.

Tulifika saa ya alasiri. Wavuvi walikuwa wanatandaza nyavu, na mzee mmoja akatuambia uligombana na wenye boti wamngojee Zaina, mpaka adhuhuri ikapita, na wewe ulikuwa wa mwisho kupanda. Zaina aliingia majini hadi magotini na nguo zake, akasimama. Sikujua nifanye nini, nikaegesha vespa. Alikaa ufukweni pale siku tatu akiuliza kila boti. Siku ya nne tukaambiwa hakuna boti inayoruhusiwa kuondoka tena, na tukarudi.

Tangu hapo nimejifunza, kwa kuchelewa, kila ulichokuwa unanifundisha. Nimeifungua ile injini mpaka skrubu ya mwisho, nimevichemsha vipande vyake, nimekwangua. Sasa inawaka kwa teke la kwanza. Vioo vinne nimevitoa. Fundi wa hapa anasema ni vespa safi kuliko zote ufukweni hapa, nami namjibu ni kweli, kisha nakwenda kuuza mawese yangu. Jumapili siitoi. Kwenda ufukweni na kurudi peke yangu nilijaribu mara moja, ikawa ni kwenda ufukweni na kurudi tu.

Muuza vitenge alipoondoka nilikwenda kwa Zaina. Anakaa kwenye chumba chako cha kushonea, anakodisha cherehani. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimweleza yote, harusi, kikombe, dereva, sikuruka kitu. Nilingoja ufagio. Aliendelea kuchambua. Mwisho akasema, "Kwa hiyo yeye anadhani nilikataa."

"Ndivyo anavyosema."

"Na mimi miaka yote nilidhani ungesema kweli kama ingekuwapo sababu nyingine mbali na chuma kuchoka." Akatikisa ungo. "Mwandikie. Na usijaze mizaha."

Unaona jinsi nilivyomtii. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake, kama urudi, kama avuke yeye, siku hizi boti za biashara zinakwenda tena. Alisema, "Mwandikie nilifika. Saa ya alasiri. Mengine ataniambia yeye."

Basi nimeandika. Hasira yako ilete kwangu, naistahili, na ina mahali pa kukaa, tumbo limeongezeka. Kama umeoa huko, sema. Kama hukuoa, sema pia. Ila jibu usilipeleke kwa jina langu. Andika jina lake, Zaina, chumba cha cherehani nyuma ya soko, Rumonge, na mletaji alitie mkononi mwake. Mimi nikilipokea nitataka kulisoma kwanza, kisha nitataka kulipunguza makali kabla ya kumsomea, na kusema uongo kwa dada yangu nimeshasema mmoja ukamtosha.

Ni mimi, shemeji yako, kaka yake Zaina,
Saidi wa mawese