Nywele za Mgongoni mwa Swaumu

Jumapili, 9 Juni 1957. Mbwawa
Nimefika kwa kaka Mfaume jana. Mpunga umeitika, kila mtu anacheka, na mimi nimevimba kwa hasira! Swaumu, binti yake, ana miaka kumi na minne, mwali, mwaka wa pili yuko ndani. Nimeingia kumwona nikakuta mkeka umeanikwa dirishani na mapaja yana alama za fimbo. Anayempiga ni mama yetu, bibi yake, ambaye ndiye kungwi wake tangu mama mtoto afariki. Kosa? Anakojoa kitandani. Mama anasema ni uvivu wa kuamka. Nikauliza, na mchana je? Na mchana pia.
Mguu wa kushoto umekonda, vidole vimejikunja. Kisiginoni kidonda cha moto — alikanyaga kaa, hakusikia. Hakusikia! Mama anasema ni kukaa sana, akitoka atanyooka. Kaka hajui lolote. Kwa mila baba hamwoni bintiye akiwa mwali, na ya ndani hayasemwi nje.

Jumatano, 12 Juni. Kisarawe
Nimerudi kazini dispensari. Nimemweleza daktari wetu. Hakuinua hata kichwa. Ati wasichana wengi hukojoa kitandani, wampunguzie maji jioni. Na mguu? Anunuliwe viatu. Nilitamani kummwagia wino. Nikasema ndiyo bwana. Najichukia kwa hiyo ndiyo bwana.

Jumanne, 25 Juni
Leo kaja daktari wa upasuaji kutoka Dar. Mzungu mfupi, ana masikio. Nikamvizia mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho — mkojo, mguu, kidonda — akauliza jambo moja tu: "Chini ya mgongo, juu ya matako, ana kishimo, uvimbe, au kishungi cha nywele?"
Nikasema hapana.
Kisha nikasema ndiyo. Anacho, tangu kuzaliwa. Mama hukinyoa kila mwezi, eti mume asije akasema ameozwa mnyama. Na mara ya kwanza, siku ya arobaini ya kuzaliwa kwake, wembe niliushika mimi. Nilikuwa msichana. Nilicheka.
Hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi. Akaeleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kamba ya fahamu. Ya Swaumu imenasa kwa chini, na kila anavyorefuka inavutwa. Akilini nikamwona mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kwanza picha ya mifupa, huko Dar, kisha kupasua na kuiachia. Kilichokwisha kupotea huenda kisirudi. Akingojewa, atapoteza na mguu wa pili.
Daktari mwenyewe anarudi kwao Ulaya mwanzoni mwa Agosti. Ngoma ya kumtoa mwali ni katikati ya Agosti!

Jumamosi, 13 Julai. Mbwawa
Nimeomba ruhusa, nimekuja. Mama hataki kusikia. Kumtoa mwali kabla ya ngoma ni kumvua nguo njiani, kijiji kizima kitatucheka. Wacheke! Akasema shule imenipumbaza. Nikainuka niende kwa kaka, akanishika kanga — haya ni mambo ya wanawake. Miaka kumi na minne ya mambo ya wanawake, na mtoto ananuka mkojo gizani!
Nikakaa. Nimekaa tena, mimi.

Jumapili, 14 Julai. Kibaha, kando ya barabara
Nimemtoa. Alfajiri, mama akiwa kisimani. Nimemfunika kaniki mbili, nusu ya njia nimembeba.
Kaka ametufuata kwa baiskeli. Nilijua atanipiga. Lakini alikwisha kuona nyayo mchangani — mmoja umekanyaga, mwingine umeburuzwa. Swaumu akajiziba uso. Kaka akapiga magoti, akaushika mguu, akabonyeza kile kidonda. Mtoto hata hakushtuka.
"Nani wanajua?" akaniuliza.
"Sote, kaka. Wanawake wote wa nyumba."
"Ila mimi."
Nikamwambia habari za daktari, za Agosti. Nikamwambia na za wembe.
Saa moja na nusu sasa. Basi la Dar limechelewa. Naandika tukilingoja. Kaka bado amekaa chini kwenye vumbi. Hajasema twende, hajasema turudi. Mguu hajauachia.