Siku Apuoyo alipombeba mama mkwe

Jumapili, Migori. Mvua ya usiku imekata, jua limetoka, na mimi nina furaha mpaka naogopa.

Acha niandike kabla sijapasuka.

Nimekaa nje ya nyumba juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa cha kuoshea gari begani. Mbele yangu yuko Apuoyo, anang'aa. Wasomaji wangu wa zamani mnamjua. Wewe uliyefika leo, karibu: Apuoyo ni gari yangu, Vitz ndogo ya buluu, iliyozunguka dunia kabla ya kufika mikononi mwangu. Jina alipewa na mke wangu Akinyi. Kwa Kijaluo apuoyo ni sungura. Mimi ni Mkuria, lakini jina nililikubali papo hapo, kwa sababu gari yenyewe ni ndogo, haili sana, na ukiikanyagia inaruka.

Kazi yangu ni kinyozi, na wateja wangu wana midomo. Siku ya kwanza nilipoegesha Apuoyo mbele ya duka, mmoja aliuliza kama gari nimeipanda au nimeivaa. Mwingine, mwenye tumbo lake la heshima, alisema yeye akiingia itabidi mimi nitoke. Nilicheka nao, nikawanyoa, nikawaambia wenye wivu wajinyonge. Jioni mvua ikanyesha, na yule mwenye tumbo akaomba lifti.

Na ninamtunza, jamani! Asubuhi kabla ya chai nafungua boneti, naangalia maji ya rejeta, naangalia oili, kisha nazunguka nikibonyeza magurudumu. Nikisikia sauti ngeni, silali. Akinyi analalamika kwamba sijawahi kumuuliza yeye ameamkaje kwa sauti tamu kama ile ninayomuulizia Apuoyo. Ana haki yake. Fundi wangu aliniambia gari ndogo haitaki mtu mwenye pesa, inataka mtu asiyechoka kuiangalia, na mimi kuangalia ndiyo kazi yangu.

Lakini sikununua gari ili niringie wateja. Niliinunua kwa sababu ya macho ya mama.

Mama ninayemsema ni mama mzazi wa Akinyi. Anaishi nje kidogo ya mji wa Kendu Bay. Macho yake yote mawili yaliingiwa na mtoto wa jicho, akabaki anaona mwanga na vivuli tu. Binti yetu Boke ana miaka minne, na bibi yake, ambaye yeye humwita dani kwa Kijaluo, alikuwa anamjua kwa kumpapasa uso. Madaktari wa macho huja Homa Bay kwa msimu. Msimu uliopita mama alijaribu kwenda kwa boda boda, akashuka akakanyaga hewa, akaanguka, akaapa hapandi tena. Tuliambiwa jicho la kulia likiachwa zaidi litakuwa gumu kulipasua. Hilo ndilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Basi gari ikapatikana. Shida ikawa mimi.

Nieleze kwa wasio wa huku. Mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Kwetu Ukuriani ni hivyo, na kwao Wajaluo ni hivyo. Hamshikani mikono, hamtazamani machoni, hamkai pamoja. Nikienda Kendu Bay nasalimia nikiwa mbali, nakaa nje, na nikiwa na neno namwambia Akinyi, naye analipeleka. Miaka yote hii mama hakuwahi kuniita jina langu. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na tulikuwa tumeizoea. Sasa weka heshima hiyo ndani ya Apuoyo! Mle ndani ukipiga chafya, gari nzima inasema pole. Mama aliposikia mpango wetu alimjibu Akinyi kwenye simu, na Akinyi akanitafsiria huku anacheka mpaka machozi: "Hiyo gari ni sufuria. Mimi na mkwe wangu tufunikwe pamoja?"

Akinyi alibembeleza kwa siku nyingi. Mwishowe yakapatikana mapatano. Mama angekaa nyuma, kona ya kushoto, mbali na dereva kadiri Apuoyo anavyoruhusu. Kiti cha mbele kisingekaliwa na mtu, kingebeba mkoba wake. Boke angekuwa katikati, awe mjumbe, maana Akinyi mwenyewe alikuwa anasimamia mitihani shuleni kwake na hakupata ruhusa.

Mimi nikaongeza sharti langu kimyakimya. Kile kioo cha ndani, cha kuangalia nyuma, nilikigeuza kikatazama dari. Ningemkodolea macho mama mkwe safari nzima? Nashinda nikitazama watu kwenye kioo, na najua kioo hakina adabu. Nikabaki na vioo vya pembeni.

Alhamisi ikafika. Nilitoka Migori na Boke alfajiri, nikiimba. Tukapita Rongo, tukapita Rodi, tukaingia Homa Bay na kuendelea, ziwa likiwa upande wetu wa kushoto, na Apuoyo akinguruma vizuri kabisa. Kwa mama ni mteremko, kwa hiyo nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Mama alikuwa tayari, amevaa gauni la kanisani. Ni Msabato wa kweli kweli, na kwake kwenda kwa daktari ni kama kwenda ibadani. Jirani yake alimshika mkono akamleta. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari nikitazama kuku.

Aliingia, akapapasa kiti, akapapasa mlango, akainua mkono akagusa dari.

"Boke, hii ndiyo yote?"

"Ndiyo, dani."

Akavuta mlango akaufunga. Nikawasha gari nikiwa na jasho mpaka kwenye visigino.

Tulipofika barabara ya lami Boke akalala. Mjumbe wetu amezima! Nikabaki mimi na mama. Nilikuwa nimekaza shingo kama mtu aliyevaa kola mpya. Kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa inawaka, nikajiambia ni ule mkoba kwenye kiti cha mbele, gari inafikiri ni mtu asiyefunga mkanda. Apuoyo alikuwa mzito pia, lakini nilidhani ni woga wangu. Kisha kukawa na harufu. Mimi niliisikia nikaisingizia mashamba, huenda kuna mtu anachoma takataka.

Mama akakohoa. Akamtikisa Boke kidogo. Boke akageuka akaendelea kulala.

Hapo mama akaanza kuomba kwa sauti. Sasa, mama huomba kwa Kijaluo siku zote, tangu nimfahamu. Hii sala ilikuwa ya Kiswahili, polepole, neno kwa neno.

"Ee Bwana Mungu wetu, asante kwa safari hii. Mlinde dereva. Mfungue pua yake, Bwana. Kama kuna kitu inaungua hapa chini, mwonyeshe mapema, tusije tukafika kwako kabla ya kufika hospitali."

Nikasema "Amina", nikasimamisha gari.

Breki ya mkono! Nilikuwa nimeishusha nusu tu. Mimi, bwana wa rejeta na oili, nimeendesha mwendo wote huo nikiwa nimemshika sungura miguu ya nyuma. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu. Mama lazima alisikia harufu tangu mapema, akavumilia, kwa sababu hangeweza kuniambia mimi moja kwa moja, na mtu wa katikati alikuwa anakoroma. Nilisimama kando ya barabara nikimpepea Apuoyo kwa kofia yangu, huku nafikiria kule hospitali wanaita majina, na jina la mama linapita, na msimu mwingine unapita, kwa sababu ya mkono wangu mmoja usiomaliza kazi. Niliogopa kweli. Nilimwomba Mungu mimi pia, lakini kwa Kikuria, ili mama asisikie.

Magurudumu yakapoa. Nikashusha breki mpaka mwisho, nikahakikisha mara mbili, nikaondoka. Apuoyo aliruka! Tuliingia hospitalini foleni ikiwa bado ndefu, na jina la mama likaitwa tukiwa tumeshakaa. Muuguzi akamchukua. Wakapasua jicho la kulia, wakalifunika, wakasema alale pale mpaka kesho yake. Mimi na Boke tulilala gesti.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya kufungua bandeji. Mimi sikuingia, nilibaki koridoni. Boke akaingia na muuguzi. Nilitega sikio. Nikaanza kuhesabu misumari ya mlangoni ili nisikimbie.

Kisha nikasikia mama anacheka.

Boke akatoka mbio, uso wote umekunjamana kwa hasira. "Baba, dani amesema meno yangu ni makubwa!"

Nililia. Nasema wazi hapa, wateja wangu mkisoma mkanicheke Jumatatu. Nililia palepale koridoni, na mwanamke mmoja asiyenijua akaniambia pole akidhani nimefiwa.

Tulichelewa kutoka kwa sababu ya kusubiri dawa za matone, na mama alitaka awe nyumbani kabla jua halijatua, Sabato isimkute njiani. Kwa hiyo tuliondoka Homa Bay mchana umeshageuka, mama kwenye kona yake ya kushoto na miwani nyeusi, Boke katikati, mkoba mbele. Breki ya mkono niliishusha nikaibonyeza tena kwa kidole, kama mtu anayejaribu chai.

Jamani, safari ile! Mama alikuwa anasoma dunia. "Ng'ombe," anasema. "Kanisa. Yule mama amebeba kuni. Ziwa, Boke, ona ziwa!" Boke, ambaye huliona ziwa kila tukija kwa bibi yake, akaangalia kwa adabu. Alikuwa na mandazi mdomoni. Mimi nilikuwa nimetabasamu mpaka mashavu yanauma, macho mbele, nikiendesha pole pole ili mama asikose kitu.

Baadaye akaacha kutaja vya nje. Nilihisi sasa anaiangalia gari yenyewe. Viti, mlango, dari. Nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyefumaniwa kabla hajafagia.

"Mwita."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwita, geuza hicho kioo. Nyuma yetu kuna lori."

Jina langu. Boke alikuwa macho, amekaa katikati yetu na mandazi yake, na neno lilimpita juu ya kichwa likanifikia lenyewe. Niliinua mkono nikageuza kioo. Kweli, lori la mchanga lilikuwa limejaa kioo chote, linataka kupita, nami wa polepole nimelifungia njia na sina habari. Nikasogea kando. Likapita na honi yake, na matusi ya dereva, na vumbi.

Lilipokwisha kupita, kwenye kioo alibaki mama.

Alikuwa amevua miwani. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu kidogo, limelowa, na lilikuwa linanitazama mimi. Tukatazamana. Halafu kila mtu akakimbiza macho yake kwao, mimi barabarani na yeye dirishani, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Alhamisi nzima nilimfichia kioo mtu ambaye hakuwa anaona hata kidole chake mwenyewe.

Heshima yetu ikarudi mahali pake. Mama akamgeukia mjumbe.

"Boke, mwambie baba yako, kweli kinyozi hajinyoi."

Boke akameza mandazi, akatangaza: "Baba, dani amesema wewe kinyozi hujinyoi!"

Nikashika kidevu. Ndevu za siku kadhaa, kwa ajili ya hizi pilikapilika. Nikacheka, mama akacheka kwa kujificha kwenye leso, na Apuoyo akatufikisha jua likiwa bado juu ya ziwa. Sikukaa. Niliaga nikiwa mbali, kama kawaida, nikitazama kuku.

Leo asubuhi fundi ameikagua ile breki akaniambia nina bahati, hakuna kilichoharibika. Nimeosha gari, nimekausha viti, nimetoa vipande vya mandazi vya Boke chini ya mkeka. Kabla ya hayo yote niliketi kwenye kiti cha dereva na kikombe cha maji na wembe, nikavuta kile kioo karibu, nikajinyoa. Nilipomaliza nilikirudisha pale pale mama alipotaka kiwe.

Jicho la kushoto bado. Wakituita, sisi tuko tayari, Apuoyo na breki zake, mimi na kidevu changu.