Wiki Nne Nilizozificha

Jumatatu, 4 Septemba

Wenzangu katika mapambano — mkono umeandika wenyewe, kwa mazoea ya vipeperushi. Wenzangu hawapo. Wako langoni mwa chuo, Yogyakarta, wanapaza sauti bila mimi. Mimi nimelazwa wodi ya wazazi, nimelalia ubavu wa kushoto. Presha mia na sabini kwa mia na kumi. Kifafa cha mimba kinanyemelea, amesema Dokta Haryo.

Akaisoma kadi yangu ya kliniki: wiki ishirini na tisa. Akasema kwa upole kwamba watoto wa umri huo, katika wodi hii, kumi wakizaliwa hubaki sita, pengine saba. Kwa hiyo atamzuia mtoto wangu tumboni kwa kila njia. Kila siku ni ushindi.

Kadi ni ya uongo. Tarehe iliyomo niliitoa mimi.

Jumanne, 5 Septemba

Niandike kwa lugha ya wazi, ile ninayoidai kwa wakubwa. Mimi na Panji tulifunga ndoa tarehe 18 Februari. Mimba ilikuwa imetutangulia. Siku mkunga wa kliniki aliponiuliza hedhi ya mwisho, Ibu — mama yake Panji — alikuwa ameketi kando yangu. Nikaisogeza tarehe mbele wiki nne. Heshima ya nyumba ikasalimika. Mtoto wangu ana wiki thelathini na tatu.

Na Jumamosi! Ibu alinifanyia mitoni, sherehe ya mwezi wa saba. Maji ya visima saba. Batiki saba, nafungwa moja, nafunguliwa, na majirani wanaitikia kila mara: "Bado, haijampendeza!" Ya saba wakapiga makofi. Nilitabasamu nikiwa ndani ya mwezi wa nane. Kichwa kiliniuma tangu alfajiri. Hilo nalo nililinyamazia, nisiharibu shughuli ya watu.

Leo Ibu amekuja na uji. Akamweleza mama wa kitanda cha pili: "Mtoto wa mwezi wa saba huishi. Wa nane hurudi uchanga tumboni, huyo hashikiki." Kisha akanigeukia: "Mkwe wangu, vipaza sauti vyote vya mji vinakujua. Leo ulimi umeuweka rehani wapi?"

Nikala uji.

Alipokuwa akinikanda miguu iliyovimba, akasema bila kuniangalia: "Wa kwanza wangu alitoka mwezi wa nane. Kaka yake Panji. Alilia mara mbili." Akaendelea kukanda. "Wewe una saba, Nduk, binti yangu. Tulia."

Jumatano, 6 Septemba

Picha ya tumbo. Dokta Haryo ameridhika: mdogo, lakini anaendana na umri wake. Wiki ishirini na tisa, kama kadi isemavyo.

Nililala nikitazama dari mpaka hesabu ikanikaba. Mtoto wa wiki thelathini na tatu mwenye mwili wa ishirini na tisa ana njaa. Ana njaa ndani yangu, na uongo wangu ndio unaomfanya aonekane ameshiba. Nimehutubia maelfu juu ya wenye mamlaka wanaoficha njaa ya watu. Nilipigiwa makofi.

Nikamwita mkunga wa zamu.

"Bu Rukmi, tarehe ya kwenye kadi si ya kweli."

"Umekosea siku ngapi?"

"Sikukosea."

Akavuta kiti, akakaa. "Harusi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Si wewe wa kwanza, mdogo wangu. Wengine hunieleza tukiwa tumeshamfunika mtoto."

Dokta hakunigombeza; afadhali angenigombeza. Amesema kama ni thelathini na tatu, basi tumbo linamnyima, na nje ana nafasi kubwa kuliko ndani: tisa kati ya kumi. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto leo na kesho, upasuaji Ijumaa. Panji yuko kazini Kalimantan, hafiki kabla ya Jumamosi. Fomu atatia saini Ibu. Kuna mstari wa umri wa mimba. Dokta ameandika 33 kwa wino.

Kabla hajaandika, nilimuuliza Bu Rukmi kama mstari ule ungeweza kuachwa wazi. Naandika hili ili nisije nikajisahau. Baada ya yote, bado nilitaka uongo mwingine mmoja.

Alhamisi, 7 Septemba

Panji amepiga simu asubuhi. Akauliza, amwambie Ibu yeye mwenyewe? Nikakataa. Akasema, basi mwambie polepole, atahesabu kwa vidole.

Ibu amefika na kifurushi: batiki ile ya saba, ameifua na kuipiga pasi, ya kumpokelea mtoto. Nikaanza. Nikaanza vibaya — na mila, na sheria, na mzigo ambao jamii humtwika mwanamke —

"Usinihutubie, Nduk. Mimi si lango la chuo. Sema."

Nikasema. Kwamba anatolewa kesho. Kwamba ni wiki thelathini na tatu. Kwamba akibaki ndani atakufa.

Alihesabu kwa vidole kweli, akianzia Januari. Alipofika kidole cha nane akakishika kwa mkono mwingine.

"Na Jumamosi, nilipokuwa nakumwagia maji?"

"Nilijua, Ibu."

"Presha?"

"Kichwa kiliuma. Nilinyamaza."

"Yule wangu alilia mara mbili," akasema. "Nikadhani ndiyo nafuu." Hakumaliza. Alinyanyuka, akatoka. Batiki ameiacha kitandani, miguuni pangu, imekunjwa.

Namwona kupitia kioo cha mlango. Amesimama ukutani, bado ameshika kidole. Mtoto amecheza mara moja tangu alfajiri, hafifu. Bu Rukmi amempitia, wamezungumza, sikusikia kitu. Ibu ametikisa kichwa — kwa kukataa au kwa kukubali, kutoka hapa sijui.

Kikao cha saini ni saa nne kamili, chumba cha Dokta Haryo. Wajumbe: Dokta, Bu Rukmi, Ibu. Ajenda ni moja: saini ya Ibu. Sasa ni saa nne kasorobo, na kiti changu cha magurudumu kimeshaletwa.