Sauti ya Tabitha Kwenye Kompyuta

Kapseret, Jumanne

Nimewaficha wanangu ukweli kuhusu ile kompyuta kuukuu ya mezani, iliyokuwa na sauti ya marehemu mke wangu, Tabitha, akiwasimulia wajukuu maisha yake.

Leo binti yangu Chebet ameniletea uji, akamtaja tena Wafula, fundi wa kompyuta wa mjini. "Baba, huyo mtu alitufutia Mama. Tukikutana kanisani simpi hata mkono."

Kwa kifua hiki kinachoniuma sitafika Krismasi, na chuki hiyo nitamwachia Chebet.

Wafula alikuwa amenionya mapema. "Mwalimu, hii mashine ni mzee kama wewe. Ukiiwekea mfumo mpya wa kuiendesha itakataa."

Ilikataa kweli. Mimi, mwalimu wa hesabu, nishindwe na kisanduku? Nikatafuta mtandaoni mbinu ya kuilazimisha. Iliponiuliza niuweke mfumo wapi, nikaona diski imegawanywa sehemu mbili. Nikadhani sehemu zote mbili ni mfumo wa zamani tu, nikazifuta; kumbe moja ndiyo iliyokuwa na sauti ya Tabitha.

Kesho yake nikampelekea Wafula mashine ikiwa tayari tupu. Chebet alipouliza ni nani aliyefuta sauti ya mama yake, nilimtaja Wafula.