Turubai la Hajja

Al Rayyan, Doha

Mama Mghoi wangu,

Pokea salamu za mtu aliyevaa sweta mbili katika nchi ya jangwa. Goti lako linaendeleaje? Kama bado linauma, acha kupanda mlima na ndoo, hao vijana unaowapikia wana magoti mapya. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umepigwa teke, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu unaiweka spika, na jikoni kwako husikiliza mpaka kuku. Barua hii anakuletea yule binti nesi wa huku Al Wakrah, ambaye mama yake anauza nguo sokoni Voi. Mpe chai, usimhoji sana habari zangu.

Nitasema lililo baya kwanza, halafu nieleze. Sitakuja harusi ya Mghoi. Likizo yangu imefutwa. Kaa chini, usome jinsi nilivyouzwa.

Hajja unamjua kwa hadithi zangu. Ndiye mama yake bosi, bibi ninayemwendesha hospitalini na kwa dada zake. Yeye huniita Shaiba, maana yake kizee, nami humjibu kwamba kizee ni yule anayehitaji dereva. Hucheka mpaka meno ya kununua yanacheza. Kila alasiri tunakunywa karak, chai yao ya maziwa na iliki, yeye kitini ndani ya mlango wake, mimi kwenye stuli nje, tukiwasengenya majirani wa kwake na wa kwetu. Wewe anakujua kwa jina. Anajua ulivyonikataa mara ya kwanza, na anasema ulikuwa na akili.

Sasa, kiangazi kilichopita bosi alituhamishia nyumba mpya. Ukutani kwa Hajja kuna kidude cha duara kama kifuniko cha sufuria, kinaitwa themostati. Kinapima joto la chumba na kuiamuru AC, na bosi anakitazama kwenye simu yake hata akiwa kazini. AC yenyewe si ya kupoza tu. Wakati wa baridi hugeuka ikatoa joto, na ikishindwa, kuna hita ya umeme ya akiba inayoingia yenyewe. Hayo yote nimeyajua baada ya kuumia. Niliishia darasa la tano, na darasa lile halikuwa hata na dirisha, seuze AC.

Baridi ilipoanza Hajja akaniita. "Shaiba, panda juu ya paa uifunike ile mashine ya AC kwa turubai. Joto limekwisha, haina kazi tena, vumbi litaila." Ndivyo walivyofanya nyumba ya zamani miaka yote, kiangazi kikiisha AC inafunikwa ilale. Nikapanda, nikafunika, nikakaza kamba kama mtu aliyefunga magunia ya mahindi maisha yake yote. Hajja alisimama uani akielekeza kwa mkongojo. "Kaza na upande ule. Ule mwingine. Wewe hujui kushoto?"

Tangu hapo nyumba ikaanza kuugua. Chumba cha Hajja baridi, kidude kinawaka alama nyekundu ya hita ya akiba kutwa nzima, na simu ya bosi inamlilia kazini. Akanipigia nikizime na kukiwasha. Nikazima, nikawasha, alama ikarudi. Akasema nikichomoe ukutani, nikipanguse, nikirudishe. Nikakishika kwa adabu kama namvua askofu kofia. Kiliporudi kikadai nenosiri.

"Kinataka nini?" Hajja akauliza.

"Nenosiri."

"Kiambie ni mimi mwenye nyumba."

Bosi akapandisha joto kwa simu yake huko huko aliko. Hita ya akiba ikanguruma kwa bidii, na chumba kikawa vuguvugu kama maji ya kunawia wageni. Hajja akajifunga mablanketi akasema hema la babake lilikuwa na joto kuliko jumba la mwanawe.

Ndipo akaitwa fundi, kijana mpole wa Kerala kule India, na bosi mwenyewe akaja. Fundi akabonyeza kidude, akasikiliza, akasema hicho hakina kosa. Kinaiita mashine ya juu, mashine haiitiki, basi kinaita akiba. Akapanda paa. Aliposhuka alikuwa na turubai mkononi.

"Hii mashine ndiyo inayopasha nyumba joto," akasema. "Imezibwa pumzi. Ina bahati haijaungua."

"Nani aliifunika?" bosi akauliza.

Nikamtazama Hajja, nikingoja acheke, aseme ni sisi wazee wawili. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, mjinga mimi.

"Muulize Shaiba," akasema. "Yeye ndiye mpanda mapaa."

"Hajja, si ulinituma?"

"Mimi? Mimi hata ngazi sijui inawekwa wapi."

Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya kiti chake.

Bosi si mtu mbaya, lakini mama ni mama. Akasema mtu anayechezea mitambo bila ruhusa haaminiki, na likizo ya mwezi ujao niisahau mpaka Idi ipite. Nikafungua mdomo. Akaniuliza, "Unataka kusema mama yangu mwongo?" Hapo wewe ungejibu nini? Nikasema hapana, bwana. Kwa neno hilo nikajifungia mlango mwenyewe.

Nilidhani ameona aibu. Sisi wazee hatupendi kuonekana wajinga mbele ya watoto, na hilo ningemsamehe. Kesho yake sikwenda kunywa chai. Akagonga mkongojo sakafuni mpaka nikaja.

"Umenuna."

"Mwanangu anaolewa, Hajja. Ulijua. Hata tai ulinichagulia wewe."

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Akakoroga chai iliyokwisha korogwa. "Dereva wa kabla yako alikwenda kumwoza mwanawe. Aliniambia atarudi."

"Mimi si yeye."

"Naye alisema hivyo hivyo. Keti, chai inapoa."

Mama Mghoi, nimefokewa na matajiri, nimesukumwa na makarani, na sijapata kuumia hivi. Wale sikuwahi kuwachekesha. Huyu nilimpa nyumba yangu nzima kwa mdomo, nikampa wewe, nikampa watoto, naye akazipenda hadithi mpaka akaona heri nisiondoke nazo. Sikuketi. Tangu siku hiyo namwendesha kimya. Huko kiti cha nyuma ananitupia mzaha, "Shaiba, zitazame ndevu za yule," nami nasema ndiyo, Hajja. Juzi akanipa chupa ya manukato ya udi kwa ajili ya bibi harusi. Nikamrudishia. Nikamwambia bibi harusi hakuomba harufu, aliomba baba. Akaitia chupa mkobani mwake, nami sikufurahi kama nilivyotarajia.

Nimerudi kwa bosi peke yangu, sikumtaja mama yake, nikaomba siku chache tu. Akasema baada ya Idi. Yameisha.

Sasa nisikilize. Nakujua, utataka kuisogeza harusi mpaka nije. Usiisogeze. Mkiisogeza, Hajja atakuwa amechukua siku yangu na ya Mghoi pia, na hiyo ya Mghoi simpi. Mdogo wangu Mwakio, fundi baiskeli, ndiye atakayemshika mkono kuingia kanisani. Mwambie atembee polepole, maana yeye hutembea kama anafukuzwa na nyuki. Mghoi umweleze ukweli wote, usimdanganye kwamba kazi imenibana. Akilia mwache alie, kisha mpake poda upya.

Nisalimie dada yako wa kwaya, aimbe ila si peke yake. Msalimie mchungaji, mwombe afupishe. Msalimie bwana harusi, mwambie mkwewe anamtazama hata kutoka huku. Na mama yako, mama mkwe wangu mpendwa, mbebee salamu nzito. Kiti changu kule mbele msikiache wazi, watu wasije wakakihurumia. Mkalishe yeye. Siku zote alisema hakinifai.

Ni mimi mumeo, ninayekuwaza kwa sweta zote mbili,

Baba Mghoi