Kanga Niliyoisokomeza Darini

Jumatano, Julai 2018. Baridi ya leo sijui niielezeje. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yameganda, na saa nne kikaanza kudondoka kitu cheupe. Rehema, binti yangu wa miaka kumi, akatoka mbio anapiga kelele kwa Kiingereza kwamba ni theluji. Mimi mtu wa Tanga, miaka arobaini na nane, ndiyo mara ya kwanza kuiona.

Sikufurahi. Nimechoka.

Tunaishi kwenye karavani, kijumba cha bati cha kuvutwa na gari, tangu jengo letu la mtaa wa Berea, huku kusini mwa Afrika, lifungwe na wapangaji wote tutolewe. Karavani limeegeshwa uani kwa bibi mmoja wa Kizulu, tunamwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao. Matairi hayana upepo, haliendi popote. Humu ndimo tulimomleta kichanga chetu, Hadija, akiwa na siku mbili.

Kwetu mzazi haachwi na baridi. Mama yangu alikuwa anaweka jiko la mkaa chini ya kitanda cha kamba, mzazi analala juu yake mpaka arobaini iishe. Nimekua naona hivyo. Ila zile zilikuwa nyumba za udongo na makuti, hewa inapita popote. Karavani ni kopo.

Ijumaa iliyopita nikawasha jiko nje, lilipokolea nikaliingiza chini ya kitanda cha mke wangu, Zainabu. Darini kuna tundu la hewa, kifuniko chake kimevunjika, baridi inashukia humo. Zainabu alikuwa amelala. Nikachukua kanga yake ya manjano nikaisokomeza humo ndani kabisa, chini haionekani, nikaenda zangu kazini Fordsburg, kufunga mapazia ya watu.

Rehema ndiye aliyewakuta alipotoka shule. Mama yake anaongea kama mlevi, mtoto amelegea. Akamwita Gogo, wakawatoa nje. Gogo hata viatu hakuvaa.

Hospitali wakasema ni sumu ya hewa ya mkaa, nesi akauliza nani alifunga kila kitu. Zainabu akasema, "Mimi, sista. Nilisikia baridi nikafunga dirisha. Nilidhani tundu la juu linatosha."

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika begi la nepi.

Tundu nililiziba mimi, na sikulitaja.

Jana wameruhusiwa. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Gogo akaleta mablanketi na chupa ya maji ya moto, halafu akanigeukia akanisema kwa Kizulu mpaka mate yakamkauka. Nikamuuliza Rehema anasemaje. "Anasema wewe mjinga," akasema. "Lakini katumia neno baya zaidi." Zainabu hakucheka. Zamani angecheka.

Maana mke wangu sasa anamwogopa mwanawe. Akishamnyonyesha tu ananikabidhi. "Mshike wewe, Baba Rehema. Mimi nikisinzia naua mtu." Mwanamke aliyenilelea Rehema bila kumwangusha hata siku moja! Na mimi nampokea mtoto, nasema sawa, pumzika.

Leo asubuhi akauliza kama nimeiona kanga yake ya manjano. Nikasema sijui.

Mchana theluji ya juu ya paa ikaanza kuyeyuka. Tone likaanguka kitandani. Likaja la pili. Zainabu akatazama juu. Rehema alikuwa nje anakusanya theluji kwenye sufuria, na Hadija yuko mikononi mwangu. Nikapanda kitandani, mkono mmoja nimemkumbatia mtoto, mkono mwingine nikaivuta ile kanga. Ikashuka imelowa, inachuruzika maji.

Zainabu akaitazama. Akasema kwa upole, "Kumbe umeziba leo, theluji isiingie?"

Eish. Jibu kanipa mwenyewe. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, yakaishia hapo.

"Hapana," nikasema. "Niliziba Ijumaa. Kabla sijaenda kazini. Wewe umelala."

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa anayaangalia yale maji yanavyodondoka kwenye magoti yangu. Mwisho akanyoosha mikono.

"Nipe mwanangu."

Nikampa. Akamweka kifuani, akajifunika blanketi la Gogo, akanigeuzia mgongo.

Sasa ni jioni, jua halijazama. Nimekaa kwenye ngazi ya karavani naandika hii kwenye simu, vidole vimekufa ganzi. Kanga nimeifua, nimeianika kwenye waya, imekakamaa kama ubao. Nimechungulia kwa dirisha nililoliacha wazi kidogo. Wamelala wote wawili, mkono wa Zainabu uko juu ya mtoto. Tangu Ijumaa hakuwahi kulala hivyo.

Miaka kumi ananiita Baba Rehema. Sijui kesho akiamka ataniita hivyo, au ataniita jina langu kavu kavu kama mtu wa mtaani.

Vyovyote atakavyoniita, nitaitika.